Vichwa Kumi na Viwili vya Nyanya

Jumanne, 12 Agosti. Saa tisa alasiri.

Hatori aliikata nyanya vipande vitatu, kisha akakata limau vipande vitatu, kwa kisu kilekile cha mfukoni. Akakifuta kwenye suruali.

"Nyanya kwanza," alisema. "Itafuneni, iacheni ikae ulimini. Mkishameza, limau."

Walikuwa watatu, wamekaa juu ya makreti ya bia katika chumba cha nyuma cha banda la kukaushia viazi vitamu, Hitachinaka. Viazi hukaushwa wakati wa baridi. Mwezi wa Agosti hakuna anayekanyaga huko, na ndiyo sababu Hatori alilipenda banda lile. Trei tupu zilipanda hadi darini, feni ilikuwa moja, na nje nyenje walikuwa wakipiga kelele za kuudhi.

Mahiru, dereva, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, alitafuna nyanya yake kwa mashaka. Akauma limau. Akakila kipande chote na ganda lake.

"Umelitia sukari," alisema.

"Sijatia kitu. Muulize Mzee."

Mzee alikuwa Nemoto. Miaka sitini na sita, mabega ya mkulima, na aibu ya mtu aliyezoea kukaa peke yake. Ndiye aliyeitoa nyanya ile ndani ya Taasisi ya utafiti wa mimea kule Tsukuba, alikokuwa kibarua, imefukiwa kwenye wali wa chakula chake cha mchana.

"Kuna kitunda chekundu Afrika Magharibi," alisema Nemoto. "Wenyewe hukitafuna kabla ya kunywa kitu kichachu. Daktari Uesaka, yule mama mtafiti wetu, kachukua jeni ya kitunda kile, kaiingiza kwenye nyanya. Sasa nyanya inatengeneza protini ileile. Ikikaa ulimini, kila kichachu kinageuka kitamu. Saa nzima hivi, halafu inaisha."

"Si wapande hicho kitunda chenyewe?" aliuliza Mahiru.

"Kina maringo. Hakitaki baridi, na utakingoja miaka mitatu minne kabla hakijazaa. Nyanya ni miezi mitatu."

"Na nyanya anaijua kila mpumbavu kuipanda," alisema Hatori. "Mteja yuko Hokkaido, kaskazini, na banda lake tayari. Anataka kuuza utamu usio na sukari kabla hawa madaktari hawajamaliza kujaza fomu zao. Sogeeni."

Alichora kwa mkaa nyuma ya trei. Lango. Mlinzi mmoja. Njia ya kushoto, mashine za kuuzia vinywaji. Nyuma yake, banda la kioo lenye milango miwili inayofuatana, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Kesho ilikuwa tarehe kumi na tatu, mwanzo wa Obon, siku ambayo nchi nzima inarudi kwao kuwapokea wafu wake. Taasisi ingebaki na mlinzi na mashine ya kumwagilia.

"Tunaingia saa tano na nusu. Mchana kweupe. Mahiru ana gari la kujazia mashine za vinywaji, na hakuna mtu katika nchi hii anayemsimamisha mjaza mashine. Mzee anafungua kwa kadi yake. Dakika kumi na mbili. Saa kumi na mbili na nusu jioni tuko bandarini Oarai, tunaingia melini."

"Kadi ina jina langu," alisema Nemoto.

"Ina jina lako, Mzee. Na wakirudi kazini tarehe kumi na nane, jina lako litakuwa Hokkaido, linakula kaa na sisi. Mteja anahitaji mkulima. Nyumba ina vyumba vitatu. Nimeshakwambia cha kwako kinatazama wapi?"

"Mashariki."

"Mashariki. Hebu nipe glasi yako."

Hatori alimmiminia bia. Hapo ndipo palipokuwa na kamba iliyomfunga Nemoto, na wala haikuwa fedha. Tangu Sadae, mkewe, afe, alikuwa amejimiminia mwenyewe miaka miwili na nusu. Mtu hajimiminii mwenyewe mbele ya wenzake. Anayejimiminia ni yule asiye na wenzake. Hatori alimkuta kwenye bafu la umma, akamsugua mgongo, akamwalika mezani. Miezi minne sasa. Nemoto alijua fika kwamba anakula na wezi. Angekula nao hata wangekuwa wabaya zaidi.

Na wizi wenyewe, alijiambia, haumuumizi mtu. Nyanya huchipua kwenye kila kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Mkulima hulivunja chipukizi hilo, la sivyo mmea unakuwa kichaka. Lakini lichomeke kwenye maji, baada ya siku kumi lina mizizi, na huo ni mmea mzima, pacha wa mama yake. Taasisi ilimwajiri kibarua Nemoto kwa kazi hiyo moja: kuvunja machipukizi, kuyatia kwenye mfuko wa njano, kuuchemsha mfuko ili kisitoke kitu kilicho hai. Takataka. Hatori alikuwa anaiba takataka.

Kwa hiyo kwa wiki tatu Nemoto aliyaacha machipukizi ya mstari wa nne yakue. Kila siku aliyapita mikono nyuma. Kwa mkulima wa nyanya hilo ni kama kumwona mtoto ana kamasi usimfute.

"Mstari wa nne ndio wenye jeni," alisema Hatori. "Na mwingine?"

"Wa tatu ni nyanya ya kawaida. Imewekwa kulinganishia. Kwa macho hutazitofautisha."

"Wewe je?"

"Nazijua kwa kuwa nimekaa nazo."

"Ndiyo maana wewe ni dhahabu yetu," alisema Hatori, akaongeza bia.

Jumatano, 13 Agosti. Saa tano na dakika ishirini na nane asubuhi.

Mlinzi alitoka kibandani, kofia mkononi. Mahiru alishusha kioo.

"Leo pia mnafanya kazi?"

"Kiu haina sikukuu, mjomba."

"Mashine ya ghorofa ya pili ilinimezea sarafu wiki iliyopita."

Hatori, aliyejikunja nyuma kati ya makopo ya kahawa, alitega sikio. Nemoto kando yake aliuona mkono wake ukienda mfukoni, kwenye kisu. Mahiru hakuwa na ufunguo wa mashine yoyote. Gari aliliazima kwa binamu yake, na sare ilikuwa ya kazi waliyomfukuza mwaka juzi.

Alishuka. Akainama mbele ya mlinzi mpaka kofia ikamtoka.

"Tumekukosea sana. Aibu ni yetu." Akampa makopo mawili ya chai baridi kwa mikono miwili. Mlinzi akaona haya yeye, akainama pia, wakainamiana pale juani mara tatu nne, kisha akafungua lango.

"Ningemchoma," alisema Hatori kwa sauti ya chini.

"Ungechoma nini, bosi," alijibu Mahiru akirudi kwenye usukani. "Sarafu moja?"

Nemoto alikitazama kile kisu mpaka kilipofungwa.

Saa tano na dakika thelathini na tano.

Kadi ilikubali. Katika chumba cha kati walivua viatu, wakavaa mabuti meupe ya humo ndani. Hatori, aliyeufanya ujambazi kwa miaka ishirini, alivigeuza viatu vyake, akavipanga sawasawa, ncha zikitazama mlangoni. Mama yake alimlea vizuri kwa hilo. Mlango wa pili ulikuwa unaruhusu mtu mmoja mmoja.

"Nenda," alisema. "Dakika sita, nakuja na sanduku."

Nemoto aliingia peke yake. Hewa ya ubaridi, harufu ya majani ya nyanya inayoshika vidoleni na haitoki. Mimea imepanda kwa kamba hadi juu ya kichwa chake. Akaenda moja kwa moja mstari wa nne, mkasi mkononi.

Machipukizi hayakuwepo.

Alidhani amekosea mstari. Akahesabu upya. Nne. Mimea kumi na miwili, misafi tangu chini hadi kichwani, imetunzwa kama ya maonyesho. Akapiga goti, akaangalia kwapa la jani la kwanza, la pili, la tatu. Mtu aliyefanya kazi hii hakuvunja kwa kupinda pembeni kama afanyavyo mkulima. Alikata kwa kucha, akaacha kisiki kidogo kila mahali. Nemoto alizijua kucha zile. Mwaka jana alijaribu kumfundisha mwenye kucha hizo namna ya kuvunja, akashindwa, wakacheka wote wawili. Tangu siku ile hakukumbuka kucheka tena ndani ya banda lile.

Daktari Uesaka alitangulia kupita hapa. Alikuwa amefanya mstari mzima.

Kwenye kigoda cha Nemoto, mwisho wa mstari, kulikuwa na pakiti ya peremende za plamu na chumvi, zile za kumtia nguvu mtu wa juani, na karatasi ya njano. *Joto limekuwa kali mno mwaka huu. Pole na kazi, Bwana Nemoto. Pumzika vizuri Obon hii.*

Basi. Hakuna neno kuhusu machipukizi, na wala lisingeandikwa.

Alielewa yote akiwa amepiga goti. Kwa wiki tatu yule mama aliyaona yakikua. Hakuwaza wizi hata kidogo. Aliwaza mzee amechoka, mgongo unamsumbua, macho yanafifia, na anaona haya kusema. Kumwambia kungekuwa kumvunjia heshima. Kuwaambia wakubwa kungekuwa kumfukuzisha. Kwa hiyo alisubiri watu waondoke, akakaa peke yake na mimea kumi na miwili, akamfanyia kazi yake kimyakimya, akanyamaza.

Katika hesabu zote za Hatori, za lango na mlinzi na milango miwili, hii haikuwemo. Isingeweza kuwemo.

Miaka miwili Nemoto aliamini kwamba hakuna anayemwona mahali hapa. Alimwonea uchungu yule mama, akajionea na yeye.

Saa tano na dakika arobaini na moja.

Mlango wa pili ulisukumwa. Hatori akaja na sanduku la barafu, mabuti meupe yakilia sakafuni.

"Mbona umepiga magoti? Machipukizi yako wapi?"

"Yameng'olewa."

"Na nani?"

"Daktari."

"Kwa nini?"

Nemoto alitafuta namna ya kusema. "Kunisaidia."

"Kukusaidia wewe?" Hatori alimkamata ukosi, akamwinua. Kisu kilikuwa wazi sasa, karibu na sikio. "Umeniuza, Mzee? Kuna mtu nje?"

"Hakuna mtu."

"Basi tunachukua matunda."

"Yaliyoiva walivuna kabla ya likizo. Haya mabichi mbegu zake bado maji."

"Basi nipe kitu. Siendi Oarai na sanduku tupu la barafu."

Kitu kilikuwepo. Mkulima yeyote wa nyanya anakijua: kichwa cha mmea, kile kishungi cha juu kinachokua, nacho kinashika mizizi, tena haraka kuliko chipukizi. Lakini chipukizi ni takataka, kichwa ndio mmea wenyewe. Kukata vichwa kumi na viwili vya mstari wa nne ni kuusimamisha mwaka mzima wa Uesaka. Huo usingekuwa tena wizi wa takataka. Na kutokata ni kukipoteza chumba cha mashariki, na meza, na mkono unaommiminia.

Kisu kilingoja. Nyuma ya Hatori, hatua moja, ulikuwa mstari wa tatu. Nyanya za kawaida. Zinazofanana kabisa, na mistari haina namba.

"Vichwa vinashika mizizi," alisema Nemoto. "Vizuri kuliko machipukizi. Geuka. Ni huo hapo nyuma yako."

"Huu ndio wa nne?"

"Huo."

Hatori akakifunga kisu, akampiga begani kama mtu aliyetoka kumtania tu. "Samahani, Mzee. Damu ilinipanda. Kata."

Nemoto alikata. Kichwa kimojakimoja, kwa mshazari, chini ya jani la tatu. Akapunguza majani, akavifunga miguu kwa kitambaa kibichi. Kazi nzuri. Hakuweza kuifanya vibaya hata kwa makusudi. Peremende alizitia mfukoni, na karatasi ya njano pia.

Saa tano na dakika arobaini na tisa walikuwa wanatoka. Mlinzi aliwapungia kopo la chai.

Saa nane na robo mchana.

Kwenye banda la viazi walihamishia sanduku kwenye gari dogo la Hatori. Mahiru alikuwa amenunua mikunga ya kuchoma juu ya wali, maboksi matatu, na Hatori alimchagulia Nemoto boksi lenye kipande kikubwa.

"Mkono huu," alisema Hatori kinywa kimejaa, akimwonyesha Mahiru mkono wa Nemoto, "ungeuona unavyokata. Kama daktari wa upasuaji. Mimi nilitaka kumtoa roho, yeye anafunga vitambaa."

"Pole, babu," alisema Mahiru. Hakumtazama.

"Mama wa nyumbani kwako umemchukua?" aliuliza Hatori.

Nemoto aliupapasa mkoba. Kibao cha kumkumbuka marehemu, chenye jina la Sadae, kilikuwa ndani, kimeviringishwa taulo. Leo jioni roho yake ingeshuka nyumbani kwao Hokota, ingekuta nyumba giza, hakuna moto wa kuikaribisha langoni, hakuna farasi wa tango, yule anayetengenezewa wafu wampande kuja nyumbani. Alimwomba radhi moyoni. Tutakaa chumba cha mashariki, alimwambia, tutakuwa na watu.

Mikunga ilimshinda. Hawa walikuwa wanamlisha, naye alikuwa amewauzia majani. Miezi mitatu wangeyalea, wangeyamwagilia, wangechuma nyanya ya kwanza mbele ya mteja, na limau lingebaki limau. Mteja yule hakuwa mtu wa kupokea samahani. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akaamua: melini, baada ya chakula, atamwambia Hatori ukweli. Atasema, nipige ukitaka, halafu tutafute njia nyingine pamoja. Neno pamoja ndilo lililompa nguvu, akamaliza wali wake.

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni.

Oarai ilijaa familia. Watoto wenye kofia za majani, mababu wenye maboksi ya zawadi, kila mtu anakwenda kwa mtu. Mahiru alirudi kutoka dirisha la tiketi na karatasi. Aliiweka juu ya dashibodi, haraka mno, ikaanguka, na Nemoto akaiokota.

Gari moja. Watu wawili.

Aliisoma mara mbili. Macho yake hayakuwa mabovu kiasi hicho.

"Shuka kidogo, Mzee," alisema Hatori. "Tunyooshe miguu."

Walisimama kando ya ukuta wa zege. Jua lilikuwa bado lipo juu ya maghala.

"Utatufuata juma lijalo," alisema Hatori.

"Kadi ina jina langu."

"Ndiyo." Hatori aliwasha sigara, na alipoongea tena alikuwa amechoka kudanganya. "Sikiliza. Polisi wakipata jina, na mwenye jina yuko nyumbani kwake, wanaacha kutafuta. Huna rekodi. Mgane, umri umekwenda. Sema ulichanganyikiwa, ukavikata, ukavitupa. Watakupa pole na chai."

"Ulisema chumba."

"Nilisema mengi."

Ukweli ulikuwa ulimini mwa Nemoto. Sentensi moja tu: umebeba nyanya za sokoni. Angeona uso wa Hatori ukibadilika, na huenda hiyo ingetosha kuwa faraja. Lakini Hatori angerudi Tsukuba leo hii, na mstari wa nne ulikuwa umesimama bila mtu. Akaimeza. Ilikuwa sentensi yake, na alikuwa amebaki na vitu vichache.

Alikwenda kwenye dirisha la dereva.

"Andika," alimwambia Mahiru.

Mahiru alitafuta kalamu, akaandika kwenye mgongo wa mkono wake.

"Kivulini siku saba. Maji, lakini yasilowe majani. Siku ya kumi mizizi. Ukihamishia udongoni, uzike shina mpaka jani la kwanza. Usiku Hokkaido kuna baridi kuanzia mwezi wa kumi, washeni joto. Maua yakitoka, tikisa kamba kila asubuhi, kidogo tu. Na machipukizi ya kwapani uyavunje. Hivi." Alimwonyesha kwa kidole, kupinda pembeni. "Usitumie kucha."

"Zitaiva lini?"

"Katikati ya Novemba."

Mahiru aliutazama mkono wake uliojaa wino. "Babu, zikiiva nitakupigia. Nitakwambia zilivyotoka."

"Hakuna kupiga simu," alisema Hatori akiingia garini.

"Nitampigia," alisema Mahiru.

Foleni ilisogea. Gari dogo likapanda daraja la chuma, likaingia tumboni mwa meli. Nemoto alikuwa ameinama, kama mtu anavyowaaga wageni wake, na alikaa hivyo hadi mgongo ulipouma. Familia zilimpita pande zote mbili.

Akakaa juu ya ukuta, mkoba mapajani, akafungua peremende moja. Ilikuwa na chumvi na uchachu wake wa kawaida.

Tarehe kumi na nane Daktari Uesaka ataingia bandani. Ataona mstari wa tatu hauna vichwa na wa nne haujaguswa, na ataujua mkono uliokata, kama Nemoto alivyozijua kucha zake. Atakuja mwenyewe au atawatuma polisi. Na katikati ya Novemba, mahali fulani kaskazini, watu wawili watatafuna nyanya, watauma limau, na nyuso zitakunjamana. Hapo watajua. Mahiru atapiga simu kama alivyoahidi, au Hatori atamnyang'anya simu apige yeye, atukane matusi yote anayoyajua, aseme anakuja.

Nemoto alihesabu kwa vidole. Siku tisini na tatu. Alijua atapokea simu ikilia mara ya kwanza tu, na kwamba atasikiliza mpaka mwisho, wala hatakuwa wa kwanza kukata.